Tano na Tisa za Eliecer

Eliecer wa Remedios, mji mdogo kisiwani, alikuwa na kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa mapenzi tu. Redio yake ya kurushia sauti, dude la chuma na vali za kioo aliloachiwa na baba mkwe, aliihangaikia miaka nenda rudi mpaka ikawaka: akalehemu, akapangusa, akabembeleza. Lakini kapasita, ile mikebe inayotuliza umeme ndani yake usivume, hakutaka kuigusa. "Ni za asili," alisema. Ungedhani ni mifupa ya mtakatifu!

Jambo alilolitaka lilikuwa moja. Msimu wa vimbunga ulikuwa unabisha hodi, na mkuu wa duara la Jumapili, pale wenye redio wanapokutana hewani, alikuwa anachagua vituo vya kupeleka habari simu zikikatika. Sharti lake: usikike mpaka Baracoa, mwisho wa kisiwa. Wakati wa kimbunga kilichopita, Remedios ilikaa bubu, watu wasijue jamaa zao wako hai au la, na jambo hilo lilimuuma sana Eliecer.

Jumapili asubuhi akaita. Wenzake wa mji wa Matanzas wakamjibu, "Tano na tisa, kaka!" Camagüey nao, "Tano na tisa!" Tano maana yake unaeleweka sawasawa, tisa, una nguvu tele. Eliecer akavimba kichwa.

"Tano na tisa," Migdalia mkewe akacheka huku akimimina kahawa, "halafu wanakuomba urudie jina mara tatu. Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mzee."

"Wivu huo, bibie."

Ndipo akaingia Nereida wa Baracoa, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno. "Remedios, mbili na tisa. Nguvu unayo, ila sijaambulia hata neno. Nasikia friji inakoroma tu. Hiyo friji ina jina?"

Duara zima likaangua kicheko. Eliecer akazima, akanuna mpaka mihogo ikapoa mbele yake.

"Hana adabu yule!"

"Ana masikio," Migdalia akasema. "Wewe unataka redio ya kutazama au ya kusemea? Amua."

Eliecer akasukuma sahani kando. Kisha akachukua bisibisi. Akaing'oa ile mikebe, akaitoa matumbo, akapachika ndani kapasita ndogo kutoka televisheni mbovu ya jirani, akaiziba kwa nta. Kwa nje, za asili! Mafundi wa redio za zamani wote hufanya hivyo, wala hawaoni haya.

Jumapili iliyofuata hewa ilikuwa chafu, radi kila upande. Eliecer akatuma ujumbe wake. Matanzas wakasema tano na tisa, kama kawaida yao. Mkuu wa duara hakuwajali. "Baracoa, unampata Remedios?"

Eliecer akashika mkono wa mkewe.

"Tano na tatu," Nereida akasema. "Sauti nyembamba, ya mbali. Lakini amesema kisima cha kanisa kina maji safi, na mkewe anamsalimu dada yake wa Holguín. Nimekosea?"

"Hujakosea, dada yangu," Eliecer akajibu. "Hata neno moja."

"Haya basi, Remedios," mkuu akasema. "Kimbunga kikija, watu wako tutawasikia kwako."

Eliecer alitaka kushukuru kwa maneno marefu, ikatoka "asante" tu. Migdalia akamfuta machozi kwa kitambaa cha vyombo, naye mwenyewe analia.