Halmashauri ya huku Canada ilitaka picha yangu, mimi nilitaka choo

Wakuu, salaam kwenu. Hili limenikuta mimi mwenyewe na bado halijaisha, nawapa lilivyo, chumvi sitii.

Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Weston, Toronto. Nilipata kazi halmashauri ya mji wa jirani, jina naliweka kapuni. Idara ya barabara: tunaziba mashimo, winter tunaendesha malori ya kusukuma theluji.

Kazi ya serikali, wakuu! Pensheni, bima, union. Nyumbani tulishangilia.

Nikaripoti yadi. Wanaume watupu. Mwanamke ni mimi, mweusi ni mimi.

Choo kimoja, cha wanaume, mlango haufungi.

Nikamuuliza msimamizi wetu, Doug. Akakuna kichwa. "Vumilia kidogo, tunashughulikia."

Nikavumilia. Nikaacha kunywa maji asubuhi. Nikibanwa nakimbilia kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, wenzangu wananisubiri kwenye lori wananung'unika. Mwisho nikaugua UTI.

Mume wangu akasema, "Mama Neema, acha hiyo kazi."

Nikamwambia, "Nikiacha, watasema si mliona, wanawake hawaiwezi."

Sasa sikieni. Siku moja akaja dada wa ofisi ya mawasiliano na mpiga picha. Wanatengeneza bango la ajira, kwamba kazi za halmashauri ni za watu wote. Wananitaka mimi mbele ya lori, nitabasamu.

Niko probation, wakuu, bado sijathibitishwa kazini. Wakitaka kunitoa wananitoa.

"Dada, sipigi," nikasema. "Nimwite mwanamke mwenzangu aje hapa, akajisaidie wapi?"

Akamgeukia Doug. "Ni kweli?"

Doug akajibu, "Tunashughulikia."

Haikupita wiki, mafundi wakageuza stoo moja kuwa choo, kina kitasa na ufunguo. Ndipo nikapigwa picha ya bango.

Ila tangu hapo Doug ananisalimia kwa kichwa tu. Nikipanda lori, stori zinakatika. Simu ikilia, nadhani wananiita kunitoa.

Jana kituo cha basi nimekuta sura yangu hiyooo, "Jiunge nasi". Binti mmoja wa Kisomali alikuwa anaipiga picha kwa simu. Nilitaka kumwambia aombe. Nikapanda basi langu, sina uhakika kama atanikuta bado kazini.

Nilichojifunza: ukisubiri uthibitishwe kazini ndipo uongee, utaumia kabla.

Mlioajiriwa halmashauri, huku au nyumbani, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisemeni hata kama nimekosea. Nasoma zote, usingizi wenyewe sina.