Zuri, Lakini

Siku ya kwanza kumtia machoni bwana huyu, alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, akitafuta kasoro chini ya kabati nililotengeneza kwa oda ya mkewe, mahali ambapo hata mende hana haja napo. Alipitisha kidole chake laini kwenye mbao, akasonya. “Zuri, fundi, lakini...” Nikapiga msasa upya. Chai ya mkewe nayo ilikuwa nzuri, lakini. Binti yake kafaulu vizuri, lakini. Mara ya mwisho nilikuwa nakaza bawaba, mkewe akatoka chumbani na sanduku. “Baba watoto, nimechoka. Naenda kwetu, sirudi.” Niliinamisha kichwa kwa aibu. Yeye alimtazama mpaka akapotea barabarani, akasonya.

“Umeona, fundi? Hata kuondoka hajui. Mlango kauacha wazi.”