Mama Alipoliona Paa la Stesheni

Mama alipokuja kukaa nasi Edmonton, huku Uingereza, macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Siku ya kumpeleka hospitali tulipanda treni mpaka stesheni kubwa ya mjini, ile ninayoipitia kila siku nikienda kazini. Nilimshika mkono. Tulipofika katikati ya ukumbi akasimama.

"Tuko ndani au nje?" akauliza.

"Ndani, mama."

"Mbona mwanga mwingi hivi?"

Nikamwambia paa ni la vioo, nikamvuta twende, maana tulikuwa tumechelewa.

Jicho la kulia likapasuliwa salama. Wiki chache baadaye tukarudi ili daktari aliangalie, na safari hii mama alitembea mbele yangu. Aliposhuka kwenye treni akainua kichwa, mtandio ukamteleza mabegani. Watu wakatupita na masanduku yao. Nilidhani kashikwa na kizunguzungu.

"Niache nitazame," akasema.

Nami nikatazama. Miaka yote ile macho yangu yalikuwa kwenye ubao wa saa za treni tu. Stesheni hii ilijengwa karne ya kumi na tisa, enzi za treni za moshi, na waliolijenga paa walilipandisha juu mno, kana kwamba moshi nao ulikuwa mgeni wa kuheshimiwa. Nguzo za chuma ni nyembamba, zimepangwa safu kwa safu, na kila moja imevishwa majani ya chuma kichwani. Juu ya majani hayo kuna mikono iliyojipinda kwenda kushika paa, na chuma chake chote kimetobolewa nakshi. Jua la asubuhi lilipenya kwenye matundu yale, likaanguka vipande vipande juu ya matofali mekundu ya ukutani.

"Kofia ya viua hiyo," mama akasema.

Kule Unguja mama alikuwa mshonaji wa kofia. Alishona viua, yaani nakshi za matundu, tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mpaka macho yakamshinda. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Sasa aliifuata nguzo, akaweka kiganja juu yake, akacheka peke yake.

Mfanyakazi wa stesheni, mwanamke mtu mzima aliyevaa koti la rangi ya chungwa, akaja kuuliza kama tuna shida. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba mama ametoka kupasuliwa jicho na analitazama paa. Akatabasamu, akatuonyesha lifti. "Pandeni ghorofani," akasema, "huko mtaona vizuri zaidi."

Tukapanda. Kutoka juu nguzo zilionekana zote, zikienda mbali mpaka zinachanganyika, na treni chini yake zikaonekana ndogo. Mama aliegemea kizuizi cha chuma, akawa anachora hewani kwa kidole, tundu moja, tundu la pili, kisha mzunguko.

"Waliotengeneza hivi walijua watu watapita mbio," nikasema.

"Hata," akasema mama. "Walidhani watu watasimama."

Hospitali tulifika tumechelewa, nikaomba radhi. Jioni ile mama akaniagiza sindano na uzi mweupe.

Kofia aliyoishona alimpa mume wangu. Upande mmoja matundu yamekwenda mshazari kidogo, maana jicho la kushoto la mama bado lilikuwa halijatibiwa. Mume wangu anaivaa kila Ijumaa, na akiulizwa imetoka wapi, husema imeshonwa Edmonton.