Doa Jeusi Kwenye Mshtarii

Mume wangu aliporudi na darubini, nilimgombeza kabla hajavua viatu. Alikuwa ametoka Ndola na lori la shaba, na mimi nilitegemea kitenge, maana dereva anayevuka mpaka wa Tunduma akarudi bila kitenge huwa ana maswali ya kujibu. Yeye akashusha bomba jeusi lililoviringishwa kwenye blanketi. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama na kuuza vyombo vyake vyote.

"Si unawafundisha watoto habari za sayari, Mwalimu?" alisema. "Sasa waonyeshe."

Nilimjibu kwamba wanafunzi wangu wanahitaji madawati kwanza. Lakini hasira yangu ni moto wa mabua, huwaka haraka na kuzima haraka. Wiki haikuisha, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka nje jua likizama.

Tunaishi Ihanda, karibu na Vwawa, nyuma ya mibuni ya mama mkwe. Mvua zilikuwa zimekata na mbingu zimesafika. Mshtarii, ambayo wanafunzi wangu huiita Jupita, ilionekana mapema upande wa kaskazini magharibi, inang'aa kuliko nyota zote. Kwenye darubini ilikuwa duara dogo lenye mikanda miwili ya kahawia. Haikutulia. Dunia inazunguka, kwa hiyo sayari ilikuwa inateleza na kutoka kwenye kioo, nasi tunalisukuma bomba taratibu kuifuata. Mama mkwe alitutazama jioni mbili tatu, kisha akauliza kama kuna kitu tumepoteza huko juu.

Ukweli ni kwamba ile darubini ilinipumzisha. Mke wa dereva wa masafa marefu haishi kwa raha. Simu ikiita usiku moyo unaruka, isipoita moyo unaruka vilevile. Ukisikia lori limeanguka mahali, unauliza rangi ya kichwa chake kwanza, halafu ndiyo unawapa pole wenyewe. Mume wangu akiwa nyumbani, amesimama kando yangu anachungulia mawingu ya sayari nyingine, nilijua yuko wapi.

Wiki ya kwanza nilijiaibisha. Niliona kidoa cheusi kwenye mkanda wa juu nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka, kumbe ni pumba ya mahindi kwenye kioo cha kuchungulia. Tangu hapo nikaweka utaratibu. Kitu kilicho kwenye sayari kweli husogea pamoja nayo, kwa sababu Mshtarii hujizungusha mbio sana, haichukui hata nusu ya siku yetu kumaliza mzunguko. Ukienda kunywa chai ukarudi, kimeshahama. Uchafu wa kioo hauhami hivyo, ila ukikizungusha kioo, nao unazunguka. Nilimfundisha mume wangu hayo mawili kwa sauti ileile ninayotumia darasani, naye akaitikia kwa Kibemba chake cha mpakani, "Ee mukwai," yaani ndiyo mheshimiwa, kunidhihaki.

Jioni ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwisho kabla hajaondoka kwenda Dar es Salaam. Lori lilikuwa limeegeshwa Vwawa likiwa na mzigo mwingine wa shaba, na alfajiri alitakiwa awe barabarani. Watoto walikuwa ndani wanakula na bibi yao. Simu yangu ilikuwa imenionyesha kwamba lile Doa Jekundu, dhoruba kubwa ya Mshtarii, lingekuwa upande wetu jioni hiyo, na nilikuwa na hamu nalo. Nilimwachia yeye achungulie kwanza.

"Mwalimu, kuna doa," alisema.

"Ndilo hilo."

"Jekundu naliona, liko pembeni, limepauka. Mimi nasema hili jeusi la katikati."

Nilimsukuma. Doa jeusi kwenye Mshtarii si jambo dogo, linaweza kuwa kivuli cha mwezi wake mmoja unaopita mbele yake, au jeraha la kitu kilichoiangukia. Nikaweka jicho. Nikaiona mikanda miwili, nikaliona Doa Jekundu, rangi yake ya chai ya maziwa iliyopoa. Katikati palikuwa peupe.

"Hakuna kitu hapa."

"Kipo. Sogea." Akachungulia tena. "Si hiki hapa! Cheusi tii."

Nikakisafisha kioo kwa kitambaa cha miwani yangu. Bado akaliona. Nikakizungusha kioo. Alisema halikuzunguka. Tukaenda kunywa chai, nami nikainywa ya moto mpaka ikaniunguza ulimi kwa haraka ya kurudi. Tuliporudi, Doa Jekundu lilikuwa limesogea waziwazi. Lake jeusi, alisema, liko palepale katikati.

Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, alikuwa anafurahi kama mtoto, anauliza kama wanaogundua vitu hivi huwa wanapewa jina lao.

"Litazame lile Jekundu lenyewe," nilimwambia. "Likazie macho."

Akalikazia. "Silioni sasa. Jeusi limelifunika."

"Utazame mkanda wa chini."

"Limeshuka. Liko kwenye mkanda." Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa tumia jicho la kushoto."

Hakutaka. Alisema amezoea la kulia, alisema shingo inamuuma, akasema umande umeanza kushuka tuingize vyombo. Nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili, nikakielekeza. Akachungulia kwa jicho la kushoto muda mrefu.

"Halipo," alisema.

Kumbe halikuwa kwenye Mshtarii wala kwenye kioo, lilikuwa kwenye jicho lake la kulia. Ndani bibi alikuwa anawagombeza watoto juu ya mchuzi uliomwagika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa simu yoyote.

"Limeanza lini?"

"Ni uchovu tu. Nitanawa."

"Nimekuuliza limeanza lini."

Mdomo wangu hauna breki, naye anajua. Akakaa kwenye kigoda. Alisema kuna kitu amekuwa akikihisi tangu mvua za kwanza, lakini akiwa na macho yote mawili wazi hakioni, labda jioni tu taa za magari zikianza kumpiga. Akaniambia, kwa upole wa mtu anayesimulia habari za mwingine, kwamba kabla hujafika Mlowo, safari iliyopita, mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa alitokea mbele yake kutoka hewani.

"Sikumgusa," alisema. "Alipita."

"Kesho huendi."

"Mzigo unasubiriwa bandarini. Nikishusha nitakwenda hospitali, hukohuko Dar wana wataalamu. Usimwambie mama."

Nilitaka kumwambia mficha maradhi kilio humuumbua, nikaimeza. Methali haimzuii mtu mwenye lori na watoto wanne. Gari ndilo shamba letu. Mimi na mshahara wangu tunasaidia tu, na hilo tulilijua wote wawili.

Usiku ule sikulala. Niliifuata barabara yote kichwani, Mbalizi, mteremko wa Iwambi, mashamba ya mpunga ya Igawa ambako watu wanavuka barabara na ng'ombe, halafu Kitonga, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Kila mahali nilimweka yule mtu wa baiskeli. Mume wangu alikoroma kando yangu, na mimi nikamchukia kwa kukoroma kwake.

Alfajiri tulipanda bodaboda mbili hadi Vwawa. Alidhani namsindikiza, kama ninavyofanya siku nyingine. Alizunguka lori akipiga matairi kwa chuma, akapanda, akawasha. Nami nikazunguka upande wa pili, nikafungua mlango, nikapanda, nikakaa, nikajifunika kanga.

"Unafanya nini?"

"Naenda Dar."

"Na shule?"

"Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa." Sikuwa nimemwomba mtu yeyote. "Watoto wako na bibi yao. Twende, utachelewa."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na hewa. Akashika usukani kwa mikono miwili. Injini ilikuwa inatetemesha kiti, na mbele yetu malori mengine yalikuwa yanatoka uwanjani moja moja, taa zimewashwa, yanaingia barabara kuu. Sijui hadi leo ningefanya nini kama angeingiza gia. Nadhani ningekwenda naye. Niliogopa kwamba angeiingiza.

"Shuka," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesema shuka, mama."

"Mara ngapi umeniomba nisafiri na wewe, mimi nikakataa? Leo nimekubali. Kama jicho ni zima, nibebe."

Aliniangalia. Alinigeuzia uso wote, kisha nikaona anaugeuza kidogo pembeni, ili anipate kando ya lile doa.

"Siwezi kukubeba wewe," alisema.

Sikumjibu kwa hasira. Nashangaa mpaka sasa, lakini hasira sikuwa nayo. "Na wale utakaokutana nao njiani," nilimwuliza, "wao unaweza?"

Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, tulikuwa tumelizibia njia. Likapiga tena. Dereva wake akatoa kichwa nje akatutukana kwa Kiswahili cha Tunduma, akaongeza na Kibemba.

Mume wangu akazima injini. Akatoa simu mfukoni, akaishika, kisha akainyoosha upande wangu.

"Mpigie tajiri wewe," alisema. "Mimi nikimpigia nitamdanganya."

Nikatafuta jina la mwenye lori, nikapiga.