Baba Alikuwa Anajifunza Kukaa

Nilimkana baba yangu, na yeye akasikia. Hata mama sijamwambia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na bado niko nyumbani, hapa Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye mfereji mmoja wa maji.

Baba ni tarishi katika ofisi fulani mjini tangu kabla ya Uhuru. Mwisho wa mwezi huu anastaafu, kisha arudi kwetu Magharibi. Maisha yake yote yamekuwa ya kutumwa: peleka faili hii, lete ile. Anaogopa siku atakapoamka asiwe na wa kumtuma. Basi akaanza kujizoesha. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliweka kigoda mlangoni akakaa, mikono magotini, hadi jioni.

"Mzee, leo umefungwa kamba?" jirani yetu, mama wa mandazi, alimtania.

"Najifunza kukaa, mama. Miguu ndiyo inakataa."

Ikikataa kabisa, alinijia mimi. "Nitume basi, hata dukani." Ploti nzima ilicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili moja mama akiwa kwenye mkutano wa akina mama, wasichana wawili niliosoma nao walinitembelea kutoka mtaa wa Makina. Baba akachungulia mlangoni. "Leo hakuna pa kunituma?"

"Huyu ni nani?" mmoja akauliza.

Nikasema, "Ni mzee tu wa kutumwa hapa ploti."

Baba akasimama wima, nadhani kama anavyosimama ofisini. "Ndiyo, madam. Niwaletee soda?" Akazileta. Akangoja kando ya mlango mpaka tukamaliza, akarudisha chupa dukani. Mimi nilikunywa yangu hadi tone la mwisho.

Tangu siku hiyo kigoda kiko chini ya kitanda. Mama akiuliza, baba anajibu, "Nimeshazoea." Lakini hajazoea. Jumapili anatembea barabarani hadi giza, anarudi viatu vimejaa vumbi. Nampelekea maji ya kunawa nikiwa na maneno tayari, naweka beseni chini, naondoka.

Asije akaenda Magharibi na neno langu hilo moyoni. Wasomaji, nianzie wapi kumwomba msamaha? Na kama mtamtambua huko njiani, hii ibaki siri yetu. Msimwambie nimewaandikia. Mpeni kiti tu, akae.