Vidole Viwili vya Mafuta

Kwa miaka thelathini na moja Reza alipikia watoto wa shule, na hakuna aliyetoka jikoni kwake akiwa na nafasi tumboni. Ndiyo maana lile koleo la kupimia mafuta ya mwili lilimuudhi tangu siku ya kwanza. Lilikuwa la plastiki nyeupe, lenye taya mbili na mshale, na nesi Ljerka, yule anayezunguka vijijini na gari lake dogo, alilitoa mfukoni kwa heshima kubwa mno.

"Ni rahisi, mama," alisema nesi. "Unafinya ngozi ya paja, unaivuta iachane na nyama, unaibana kwa koleo. Unahesabu moja, mbili, ndipo unasoma. Usisome kabla. Halafu unaandika kwenye daftari."

"Yaani nitafinywa kila siku?" aliuliza Bartol, mumewe, kutoka kitandani.

"Mara moja kwa wiki tu, baba."

"Afadhali. Huyu mwanamke ana mikono ya kukandia unga."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bartol alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa mjini alikataa kumpasua akiwa mkavu namna ile, hana akiba yoyote mwilini. Mkunjo wa paja lake ulikuwa milimita saba. Ukifika kumi na mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi Novemba, atapasuliwa. Usipofika, basi. Daktari aliitamka hiyo "basi" huku akipekua karatasi zake, na Reza alimchukia palepale.

Mkavu! Aambiwe Bartol, ambaye kila majira ya baridi kwa miaka arobaini alichinja nguruwe wa kijiji kizima, huku kandokando ya mto Drava, ambako unene wa mafuta ya mgongoni huhesabiwa kwa vidole na mwenye nguruwe wa vidole vinne hutembea kifua mbele hadi Pasaka! Bartol aliweka kiganja juu ya mgongo wa nguruwe angali hai, akabonyeza kwa dole gumba, akafumba macho na kusema, "Vitatu na nusu." Kisu kikishapita watu walipima, vikawa vitatu na nusu. Hakukosea hata mara moja, wala hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Padri mwenyewe aliambiwa mbele ya watu, "Wako ana vidole viwili, padri, na kimoja ni cha huruma."

Basi Reza akaingia jikoni kama anayekwenda vitani. Supu ya tambi zenye viini vya mayai, bata bukini wa kuoka, mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na pilipili nyekundu. Bartol alikula vijiko vitatu, akamsifu, akasukuma sahani. Wiki ya kwanza saba, ya pili saba, ya tatu sita. Wiki ya nne mshale ukaruka hadi tisa.

Ila haukutulia. Reza alianza kuhesabu, na kabla hajafika mbili mshale ulikuwa umeteremka hadi nane, ukawa unaelekea saba. Akalitukana koleo. Plastiki ya bei rahisi, imeshalegea! Tangu siku hiyo akawa anasoma palepale, taya zikigusa tu, kabla mshale haujateleza. Simtetei, aliambiwa ahesabu. Lakini alikuwa na kiu ya namba, na mwenye kiu hiyo hana subira. Wiki ya tano akaandika kumi na moja. Ya sita, kumi na tatu.

"Mzee, kumi na tatu!" alipiga kelele. "Tumeshapita! Hebu jipime mwenyewe, na mkono wako huo. Vingapi?"

Bartol aliweka kiganja juu ya paja lake. Akabonyeza kwa dole gumba, akafumba macho, akayafumbua na kutazama alipobonyeza.

"Viwili," alisema.

"Viwili kamili?"

"Bibi we, mimi nimewahi kukosea?"

Reza alimbusu kwenye paji la uso, akatoka mbio kumwambia jirani yake Evica, ng'ambo ya ua, na kumwambia Evica ni kuwaambia wote. Wanaume wakaja na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, kumtazama. Uso ulikuwa umejaa, viatu havimwingii tena. "Umenona, Bartol!" walisema, na huku kwetu hakuna salamu tamu kuliko hiyo.

Siku mbili kabla ya Mtakatifu Martin nesi alikuja. Hajavua hata koti, Reza akamtilia daftari mkononi. Ljerka alisoma, akatabasamu, akafunua blanketi. Tabasamu likaisha. Alibonyeza paja kwa dole gumba, kisha akaliinua. Shimo lilibaki. Watu watatu walilitazama lile shimo, nalo halikujaa.

"Mama, haya ni maji," alisema nesi taratibu. "Mwili umechoka, hauwezi tena kuyashika, yanavujia chini ya ngozi. Ulihesabu moja, mbili?"

Nesi akabana paja kwa koleo, akangoja. Mshale ulitoka kumi na tatu, ukapita kumi, ukapita saba, ukasimama kwenye nne. Hakuisoma kwa sauti. Alisema atampigia daktari simu, akaondoka bila kunywa kahawa.

"Ulibonyeza," Reza alimwambia mumewe. "Shimo uliliona."

"Niliona."

"Miaka arobaini hukumdanganya mtu kwa nguruwe wake, ukaja kunidanganya mimi?"

"Ulifurahi mno, Reza. Ningesemaje?"

"Ungesema! Tungemwita nesi, wangefanya kitu!"

"Wasingefanya kitu."

"Unajuaje wewe?"

"Wenye maji nimewaona wengi," alisema Bartol. "Hawafiki Krismasi."

Reza alitoka nje akawalisha kuku ambao walikuwa wameshalishwa. Alimkasirikia Bartol, akajikasirikia mwenyewe zaidi, na hasira hiyo ilikuwa bado haijaisha Bartol alipokufa, wiki ya kwanza ya Desemba.

Wanaume sita waliinua jeneza, wote watu aliowachinjia. Mlangoni, Vinko, mume wa Evica, aliguna akabadilisha bega.

"Mzito huyu! Umemtunza, dada. Hakuondoka mkavu."

Wanawake waliosimama ukumbini wakaitikia kwa vichwa. Evica alimshika Reza mkono, na macho yake yalikuwa na heshima ya kweli.

"Shoga, mumeo amekwenda na vidole vyake viwili," alisema. "Wangapi watazikwa hivyo?"

Reza alitaka kuwaambia yote, koleo, mshale, shimo. Alifungua kinywa, likatoka neno moja.

"Maji," alisema.

Evica akakimbilia jikoni, akarudi na glasi iliyojaa hadi ukingoni, na wanawake wakampisha, wakamngoja. Reza akaipokea, akanywa.