Familia ya Majaribio

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kampuni moja ya bima ilimpa dada mmoja, mtunga programu, jembe siku ya kwanza, lakini kadi ya MGENI haikumtoka shingoni mpaka anaondoka. Mtunga programu wa mkataba ndivyo anavyoishi: meza kando ya mashine ya fotokopi, kiti ambacho kila anayekijua amekikimbia, na mkataba unaoongezwa miezi michache kila unapokaribia kwisha. Wafanyakazi walipotaka picha ya pamoja, yeye ndiye aliyepewa simu awapige. Kwa hilo hawakumsahau hata mara moja.

Nyumbani alikuwa na chumba na sebule, na sahani moja aliyoiosha kila siku huku nyenzake zikishika vumbi kabatini. Dada yake akipiga simu hakukosa la kusema.

"Mdogo wangu, hiyo kompyuta imeshaleta posa au bado?"

"Bado inajipanga, dada."

Wakacheka. Simu ilipokatika, kicheko kikamwisha haraka. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno.

Sasa, programu ya bima haijaribiwi bila wateja wa uongo. Wenzake wa kazi hiyo huwaandika Jaribio la Kwanza, Jaribio la Pili, basi. Yeye alipofika kwenye bima ya familia alijiandika mwenyewe kuwa mama, kwa namba yake ya simu, akajipa mume mwalimu, binti, na mtoto wa kiume mwenye pumu. Mume akavunjwa mguu ili malipo ya hospitali yajaribiwe. Jioni ile alimwonea huruma, akaidhinisha matibabu yote kabla hajatoka ofisini. Mkataba ukawa unaongezwa, watoto nao wakawa wanakua, na kila walipopanda darasa alifurahi kweli, huku akijicheka.

Mfumo ulipokuwa tayari kupokea wateja halisi, ilibidi wale wa uongo wafutwe wote. Hilo ndilo sharti, na mtaalamu anayelivunja huharibu jina lake. Akamfuta Jaribio la Kwanza na ukoo wake mzima bila kupepesa. Alipofika kwa familia yake, mkono ukakataa. Akajiambia atawafuta kesho. Kesho yake mkataba ukaisha bila kuongezwa, kadi ikachukuliwa mapokezini, na mlango haukumfungukia tena.

Miezi ikapita. Alikuwa ofisi nyingine, na kadi nyingine ya MGENI, simu ilipolia.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka bima. Binti yako ametimiza miaka kumi na minane, hongera. Sasa inabidi awe na bima yake mwenyewe."

Sauti aliijua: karani aliyekaa meza ya pili kutoka kwake. Karani hakuijua ya kwake.

"Marahaba," akajibu. Neno lile mama lilimwingia vizuri mno.

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Yuko na masomo."

"Basi njoo naye, aje na kitambulisho chake."

Angeweza kusema watakuja, akajiongezea siku chache za kuwa na watu. Lakini mteja hewa kati ya wateja halisi ni kosa, na kosa lilikuwa lake.

"Kaka, nisikilize. Mimi ni yule wa mkataba, niliyekaa pale kwenye fotokopi. Hao ni watu wa majaribio. Sikuwafuta."

"Aa, dada wa picha! Kumbe ni wewe. Basi hakuna neno, nawafuta sasa hivi. Huyu baba, na watoto wawili. Na mama je, ni wa kweli?"

"Naye ni wa majaribio. Futa wote wanne."

Akamsikia akibonyeza.

"Dada, mfumo unanidai sababu. Naona tatu tu: amefariki, amehama, amejitoa. Niweke ipi?"

Sababu zile alizipanga yeye mwenyewe, na wakati ule hakuona kama itahitajika ya nne.

"Weka wamehama," akasema. "Na mama mwandike hivyo hivyo. Watoto hawaendi bila mama yao."